Vinara wa bahari iliyokauka: rekodi za mawe ya Louisville, Columbus na Buffalo

Kiswahili kimefika Louisville, Columbus na Buffalo kwa njia ya Goma, Bujumbura, Barawa, na kambi za Dadaab na Nyarugusu. Panda basi la mjini katika mji wowote kati ya hiyo mitatu, usishangae kusikia mtoto akimwamkia mzee "shikamoo" kwenye viti vya nyuma. Bahari ndiyo haipo. Kutoka Columbus hadi Atlantiki ni siku nzima ya kuendesha gari, na mtu wa pwani aliyehamia huko hujizoesha samaki wa kwenye friza.

Mawe ya miji hiyo, hata hivyo, ni ya baharini. Chokaa inayojitokeza kwenye Mto Ohio mbele ya Louisville, chokaa iliyojenga Bunge la jimbo la Ohio mjini Columbus, na ile inayopita chini ya vitongoji vya Buffalo, zote zililala kama matope na maganda katika bahari moja yenye kina kifupi, miaka milioni 390 hivi iliyopita, katika kipindi cha Devoni. Tunajua ni bahari moja kwa sababu volkano zilizokuwa upande wa Virginia ya leo ziliimwagia majivu, na tabaka hilo jembamba, ambalo wanajiolojia wanaliita Tioga, limefuatwa kutoka New York hadi Indiana. Wakati huo ardhi hiyo yote ilikuwa kusini mwa ikweta, katika ukanda wa joto. Kwa hiyo hata mawe ya huko ni wahamiaji.

Nimewapanga hapa vinara wa bahari hiyo. Natahadharisha mapema kwamba ukubwa peke yake haunipi shida ya usingizi. Kwenye elimu ya mashapo anayestahili taji ni yule anayetoa ushahidi: maji yalikuwa na kina gani, yalikuwa na chumvi kiasi gani, yalikuwa na hewa au hayana, na tumejuaje.

Sakafu ya matumbawe iliyo wazi kuliko nyingi

Maporomoko ya Ohio hayana urefu wa kutisha. Mto unashuka mita 8 tu katika umbali wa kilomita tatu na ushee. Lakini ngazi hiyo ya mawe ilitosha kusimamisha mashua, na pale zilipokwama ndipo George Rogers Clark alipoweka makazi mwaka 1778, na ndipo Louisville ilipoota. Mawe yaliyozikwamisha ni matumbawe. Upande wa pili wa mto, Clarksville katika jimbo la Indiana, kuna hifadhi inayotajwa kuwa miongoni mwa sehemu kubwa kabisa duniani ambapo visukuku vya Devoni vimeachwa wazi na maumbile yenyewe: hekta 89 hivi. Hifadhi hiyo inahesabu zaidi ya aina 600 za viumbe, na sehemu kubwa yake zilipewa jina la kisayansi kwa mara ya kwanza kutokana na vielelezo vya hapo hapo.

Wageni wengi hutafuta tumbawe kubwa lenye umbo la pembe liitwalo Siphonophrentis, ambalo hupita nusu mita, wakapiga picha, wakaondoka. Ni haki yao. Ila utamu uko katika kupanda ukuta wa mawe kutoka chini kwenda juu, kwa sababu wakazi wanabadilika. Chini kabisa matumbawe yamesongamana pamoja na sponji wa kale waliojenga mwamba, na hilo linasema maji yalikuwa ya uvuguvugu, meupe, yenye mwanga hadi chini; matope yangewaziba. Juu kidogo matumbawe yanapungua, linatokea tabaka lililojaa brakiopodi, wanyama wenye maganda mawili wanaofanana na chaza kwa nje bila kuwa na udugu nao. Halafu wanazidi wale wa nyavu laini za mawe, briozoa. Bahari ilikuwa inabadilika, na kila badiliko liliwaondoa wapangaji wa zamani na kuleta wapya.

Tazama pia jinsi walivyolala. Tumbawe lililosimama na shina chini lilifia nyumbani. Lililopinduliwa kichwa chini, limezungukwa na vipande vilivyovunjika, lilipitiwa na dhoruba. Mvuvi wa Mafia au Kizimkazi anayezamia anaijua tofauti hiyo bila kufundishwa. Mwanajiolojia anaisoma hivyo hivyo, isipokuwa mzamio wake ni wa magoti.

Nenda kati ya Agosti na Oktoba, maji yanapopungua. Usiokote kitu: ni marufuku.

Bunge lenye wajumbe wengi wasiopiga kura

Jengo la Bunge la Ohio lilianza kujengwa mwaka 1839 na kumalizika mwaka 1861, na mawe yake yalichimbwa karibu na Mto Scioto, magharibi mwa mji. Ni Chokaa ya Columbus, mwamba uliochukua jina la mji. Kuta na nguzo zake zimejaa mikato ya matumbawe, maganda na viumbe wengine wa baharini. Ukiwa na nusu saa na macho ya kawaida, unaweza kusoma mazingira ya bahari ile ukiwa umesimama nje kwenye barabara ya lami.

Kwa mpangilio, hata hivyo, Bunge linashindwa na Orton Hall, jengo la mwaka 1893 katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio. Edward Orton, rais wa kwanza wa chuo hicho na mwanajiolojia wa jimbo, alitaka jengo liwe somo. Likajengwa kwa aina 40 za mawe ya Ohio, na kuta zake zimepangwa kwa mfuatano wa umri kama yalivyo ardhini, yaliyo makongwe chini na machanga juu. Sijui jengo jingine linaloweza kusomwa namna hiyo kuanzia msingi.

Columbus ina kinara mwingine asiyetangazwa sana: tabaka la mifupa. Juu kabisa ya Chokaa ya Columbus kuna utando mwembamba uliojaa meno, magamba na vipande vya silaha za samaki wa kale. Ni rahisi kudhani kulitokea maafa yaliyoua samaki kwa mkupuo. John W. Wells, aliyefundisha Columbus kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Cornell, aliyachunguza matabaka ya mifupa ya Ohio na kuandika juu yake mwaka 1944. Maelezo yanayokubalika yanahusu subira zaidi kuliko maafa: matope yaliacha kuja, mikondo ikaendelea kupepeta sakafu kwa muda mrefu sana, laini likachukuliwa, gumu likabaki. Ni mchele uliopepetwa hadi zikabaki chuya peke yake. Sentimita chache za tabaka kama hilo zinaweza kushika muda mrefu kuliko mita kadhaa za chokaa iliyo chini yake, na huo ndio mtego wa fani hii: unene wa mwamba si kipimo cha muda.

Kalenda ya siku 400

Wells huyo huyo ndiye aliyegundua jambo ninaloliona kuwa zuri kuliko yote katika orodha hii. Mwaka 1963, akiwa Cornell, alichapisha makala fupi kwenye jarida la Nature. Hoja yake ilikuwa nyepesi. Matumbawe ya leo huongeza uzi mwembamba wa chokaa kila siku, na katika mwaka nyuzi hizo hujikusanya katika mikunjo mikubwa inayofuata majira. Basi akachukua matumbawe ya Devoni yaliyohifadhiwa vizuri, mengi yakiwa ya New York na Ontario, akakaa na lenzi kuhesabu nyuzi ndani ya mkunjo mmoja wa mwaka. Akapata wastani wa 400 hivi.

Mwaka haukuwa mrefu zaidi. Dunia inalizunguka jua kwa muda ule ule. Siku ndizo zilikuwa fupi. Gawanya saa za mwaka mzima kwa 400, unapata siku ya saa 22 hivi. Wanafalaki walikuwa tayari wamepiga hesabu kwamba mwezi, kwa kuyavuta maji ya bahari, hupunguza kasi ya mzunguko wa dunia kidogo kidogo. Yaani bamvua na maji mafu, vitu vinavyompangia mvuvi wa Pemba siku za kutoka, ndivyo vilivyorefusha siku zetu. Mahesabu yalikuwapo, Wells akaleta shahidi kutoka ndani ya jiwe. Kuna waliolalamika baadaye kwamba kuhesabu nyuzi hizo ni kazi yenye mkono wa mhesabuji, na wana haki, kwa maana idadi hutofautiana kati ya tumbawe na tumbawe. Mwelekeo wa jibu haukupinduliwa.

Mdogo kuliko wote, msema kweli kuliko wote

Sasa tufike kwa bingwa wangu. Anaitwa konodonti, na kwa kawaida ni kipande cha milimita moja au chini ya hapo.

Christian Pander alivieleza vijino hivyo mwaka 1856 kutoka mawe ya nchi za Baltiki. Kwa zaidi ya miaka mia moja hakuna aliyejua ni vya mnyama gani. Minyoo? Samaki? Konokono? Jibu lilikuja mwaka 1983, Derek Briggs, Euan Clarkson na Rory Aldridge walipoeleza alama ya mwili laini kwenye jiwe kutoka Granton, Edinburgh: mnyama mwembamba kama mkunga mdogo, mwenye macho, na vijino vile vikiwa mahali pa mdomo.

Namna ya kuvipata inahitaji uvumilivu wa mpishi wa halua. Unachukua kilo kadhaa za chokaa, unaziponda, unazitia kwenye ndoo yenye asidi iliyozimuliwa, mara nyingi ile ile inayoifanya siki kuwa chachu. Chokaa inatoa povu siku baada ya siku na kuyeyuka. Vijino havidhuriki, maana vimetengenezwa kwa fosfati kama meno yako. Unachekecha masalia, unayakausha, unayatandaza kwenye sahani nyeusi chini ya darubini, kisha unachambua kimoja kimoja kwa ncha ya brashi iliyoloweshwa. Jiwe zima limekwenda na maji, umebakiwa na kitu kisichojaza ukucha.

Kitu hicho kinajibu maswali matatu. La kwanza ni umri: maumbo ya konodonti yalibadilika haraka na wanyama wenyewe walitapakaa bahari nyingi, kwa hiyo tabaka la Columbus linaweza kulinganishwa na la Ulaya au China. Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio kilikuwa mmoja wa miji mikuu ya kazi hiyo duniani, mikononi mwa Walter Sweet na Stig Bergström. La pili ni mazingira: aina fulani zilipenda maji ya kina kifupi, nyingine zilikaa mbali na pwani, na uwiano wao unaonyesha bahari ilipanda au ilishuka. La tatu ndilo lililowafurahisha watu wa mafuta. Mwaka 1977 Anita Harris na wenzake wa idara ya jiolojia ya Marekani walionyesha kwamba rangi ya konodonti hubadilika kwa joto: rangi ya manjano hafifu kwa mwamba ambao haukupashwa, kisha kahawia, hadi nyeusi tititi kwa uliopita nyuzi 300 za Selsiasi. Vijino vya magharibi mwa Ohio ni vya manjano. Ukielekea mashariki kwenye milima ya Appalachia vinazidi kuwa vyeusi, maana miamba ya huko ilizikwa kwa kina zaidi. Mwamba uliopikwa kiasi hutoa mafuta, uliopikwa sana hutoa gesi, na uliozidi kuungua hauna kitu. Kabla ya kutoboa kisima cha mamilioni ya dola, unaangalia rangi ya kitu usichoweza kukiona bila lenzi.

Kusini kidogo ya Buffalo, kwenye kijito cha Eighteenmile, kuna tabaka jembamba la chokaa liitwalo North Evans ambalo limesheheni konodonti kiasi kwamba wazee wa fani waliliita kwa jina la vijino hivyo. George Jennings Hinde aliwaeleza wa huko mwaka 1879. Ni ndugu wa tabaka la mifupa la Columbus: limepepetwa, na limekusanya vijino vya nyakati mbalimbali pamoja. Ndiyo maana anayetaka wingi aende North Evans, na anayetaka tarehe safi akatafute kwingine.

Kwa usafi wa hifadhi, lakini, rekodi naipeleka Kilwa. Huko Tanzania, matope ya umri mdogo zaidi, ya miaka milioni thelathini na ushee hadi hamsini hivi, yamehifadhi foraminifera, viumbe vya chembe moja vyenye ganda la chokaa, wakiwa bado wanang'aa kama kioo. Udongo wa mfinyanzi uliwafunga, maji yasipite, chokaa yao isibadilike. Paul Pearson wa Cardiff na wenzake, wakishirikiana na wataalamu wa TPDC, shirika la petroli la Tanzania, akiwamo Joyce Singano, walichoronga Kilwa na Lindi, na maganda hayo yakasaidia kuonyesha kwamba bahari za tropiki za zamani hizo zilikuwa za moto kuliko vipimo vya awali vilivyotegemea maganda yaliyoharibika. Pwani yetu inafundisha vitabu vya hali ya hewa vya dunia nzima, na nyumbani wengi hawana habari.

Jitu lililopungua

Baada ya matumbawe lilikuja giza. Juu ya chokaa za Ohio kuna mwamba wa tope jeusi, mnene, unaochanika kama kurasa. Weusi wake ni mabaki ya viumbe yasiyooza, na hayakuoza kwa sababu chini ya maji hakukuwa na hewa ya oksijeni. Anayetoka Kigoma, Uvira au Bujumbura ameishi kando ya mfano hai: Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, na sehemu kubwa ya maji yake ya chini haina oksijeni. Hakuna wa kufukua matope yale, kwa hiyo yanalala utando juu ya utando. Kwenye tope jeusi la Ohio kuna pia vidoa vya rangi ya kaharabu, Tasmanites, ambavyo ni vifuko vya mwani vilivyoshuka kutoka juu kwenye mwanga.

Humo ndimo alimotoka Dunkleosteus terrelli, samaki mwenye fuvu la silaha, aliyegunduliwa kaskazini mwa jimbo na Jay Terrell katika karne ya 19. Kwa miaka mingi mabango yalimpa mita 8, hata zaidi. Mwaka 2023 Russell Engelman alipima upya kwa kutumia uwiano wa kichwa na mwili wa samaki, akamshusha hadi mita 4 hivi, mfupi na mnene. Watu walinuna. Mimi nilifurahi, rekodi inayoshuka kwa sababu mtu amepima vizuri ina thamani kuliko inayopanda kwa sababu hakuna aliyepima. Na bado samaki huyo aliweza kufungua kinywa katika sehemu moja ya hamsini ya sekunde.

Tope jeusi hilo linatoa gesi. Fredonia, kusini magharibi mwa Buffalo, William Hart alichimba kisima cha mita 8 mwaka 1821, kinachohesabiwa kuwa kisima cha kwanza cha gesi asilia Marekani. Karibu zaidi na mji, katika bustani ya Chestnut Ridge, mwali wa moto unawaka nyuma ya pazia la maporomoko madogo ya maji. Watafiti waliopima gesi yake mwaka 2013 waliikuta na ethani na propani kwa asilimia 35 hivi, kiwango kikubwa kuliko chemchemi nyingine ya gesi asilia iliyojulikana. Upepo huuzima mara kwa mara, akapita mtu na kiberiti akauwasha tena, kwa hiyo sifa yake ya "mwali wa milele" ina wasaidizi. Waliokulia kando ya Ziwa Kivu, ambalo gesi yake tangu 2016 inazalisha umeme upande wa Rwanda, hawatashangaa.

Nge wa bahari kwenye tanuri la saruji

Buffalo ina mwamba wa zamani kidogo kuliko yote niliyotaja, wa mwisho wa kipindi cha Siluri. Mwaka 1818 Samuel Mitchill aliletewa kisukuku kutoka jimbo la New York akasema ni kambare, kwa kuwa miguu yake ilifanana na sharubu. Mwaka 1825 James DeKay akasahihisha: ni mnyama wa ukoo wa kaa na buibui, Eurypterus, nge wa bahari. Sasa ndiye kisukuku rasmi cha jimbo hilo.

Kwa ukubwa Buffalo inashika nafasi ya pili. Acutiramus wa huko alifika mita 2, lakini Jaekelopterus wa Ujerumani alikadiriwa mita 2.5 mwaka 2007 kutokana na koleo moja. Kwa wingi wa nge wenyewe ni vigumu kuishinda, na sababu ni mwamba. Pamoja na nge hao hukutwa alama za fuwele za chumvi, za pembe nne, na matumbawe hayaonekani. Hiyo inaashiria wangwa au ghuba iliyofungika, chumvi imezidi, walaji wachache wanavumilia. Vielelezo vingi si mizoga. Ni magamba waliyojivua wakati wa kukua. Mwamba huo huo, ukichomwa, hutoa saruji inayoganda hata ndani ya maji, na ni machimbo ya saruji ya Lewis Bennett mjini Buffalo yaliyotoa vielelezo bora vilivyoingia kwenye makumbusho ya mji. Louisville nayo ilijulikana kwa saruji ya mawe yake. Watu walichoma bahari ya kale wakajengea mifereji.

Jicho lililopungua mstari mmoja

Trilobiti mdogo (mnyama wa bahari aliyetoweka zamani), Eldredgeops rana, hujikunja kama jongoo na hupatikana kwa wingi kwenye matope yaliyogeuka mwamba ya Hamburg, nje ya Buffalo. Niles Eldredge alihesabu mistari ya lenzi kwenye macho ya ukoo huo kutoka New York hadi Ohio: 18 kwa baadhi, 17 kwa waliofuata. Katika Ohio badiliko linaonekana kama limetokea ghafla, kwa sababu bahari ilirudi nyuma, mashapo yakakatika, na iliporejea ilikuja na wakazi wapya. Machimbo madogo katikati ya New York yalimpa mchanganyiko wa aina zote mbili, mahali badiliko lilipokuwa linatendeka. Mwaka 1972 yeye na Stephen Jay Gould wakaitumia hoja hiyo kudai kwamba viumbe hukaa vilivyo kwa muda mrefu, kisha hubadilika haraka, mahali padogo. Mjadala haujaisha. Bila kujua kwamba tabaka fulani halipo, wala usingeanza.

Machimbo ya zamani ya saruji ya Penn Dixie huko Hamburg yameokolewa na wenyeji tangu miaka ya 1990, na utafiti wa mwaka 2011 uliyaweka ya kwanza kati ya hifadhi za visukuku Marekani. Agosti 2018 zaidi ya watu 900 walichimba hapo kwa pamoja wakaingia kwenye kitabu cha Guinness. Tofauti na Louisville, hapa ukiokota trilobiti ni wako: lipa kiingilio, chukua nyundo, na usisahau miwani ya kukinga macho, kwa sababu vipande vya mwamba ule huruka bila taarifa.